Kikapu Kilichoinama

Mtu wa mjini akihitaji shazia hununua moja tu, ya kushonea gunia lililotoboka. Anayenunua sita kwa mpigo ama ni fundi wa magodoro, ama ana jambo lake. Ndiyo maana yule binti alinitia udadisi tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa nimekaa jirani na stesheni ya Tabora, nimetandaza kitambaa changu chini, nanoa shazia ninazotengeneza kwa spoku za baiskeli kuukuu. Ndiyo kazi yangu. Natengeneza, natembea nazo. Leo Tabora, keshokutwa Urambo, wiki ijayo Kaliua pale reli inapogawanyika, na kila nifikapo wapo watu wenye kitu cha kushona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Sita zote hizi za nini?"

"Za kusukia vikapu."

"Unasuka vikapu wewe?"

"Bado. Ndiyo naenda kujifunza, Ulyankulu."

Nikamtazama vizuri. Baibui safi, viatu havijaonja vumbi, na namna ile ya kuijaribu kila shazia kwenye ukucha kabla ya kuilipia. Nikajua huyu kakulia dukani. Na kweli, aliniambia jina lake Ruaa, binti Thani, yule mwenye duka la vitambaa kule sokoni. Amemaliza kidato cha sita, amekaa kaunta miaka miwili akiuza kanga na suruali za sare, halafu akasikia kuna mafunzo ya vijana. Wanafundishwa kitu kinaitwa ujasiriamali jamii. Hawafundishwi darasani tu. Kila kijana anapelekwa kwenye kikundi cha sanaa cha wananchi, akae nao, afanye kazi nao. Mmoja wamempeleka Isikizya kwa wapiga ngoma, mwingine kwa wafinyanzi wa vyungu. Yeye ameangukia kwa akina mama wasuka vikapu.

"Na huo ujasiriamali jamii ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ni biashara ambayo faida yake inarudi kwa watu, babu. Ndivyo walivyotuambia."

"Na ile ya baba yako inarudi wapi?"

Akacheka. "Kamuulize mwenyewe."

Mimi ukiniambia kaulize, nakwenda kuuliza. Kesho yake nikapita dukani kwa Thani, nikamkuta na futi yake mkononi, anapima kitambaa cha kanzu. Hakuchukia. Alinipa kiti.

"Mzee wangu," akasema, "babu wa babu yangu alifika mji huu wakati barabara ni ya wapagazi, wanatembea miezi kutoka pwani mpaka Ujiji, na hapa ndipo wanapumzika. Biashara sisi tumeikuta kitandani. Leo binti yangu anakwenda kufundishwa biashara na wasuka vikapu. Sijamkataza. Nimempa miezi mitatu. Ikifika mwisho, mwalimu wao anakwenda kukiuliza kikundi chenyewe, huyu mnamtaka ama hamumtaki. Wakimtaka, aendelee mwaka mzima. Wasipomtaka, kaunta yake iko palepale."

Nikaondoka na swali langu kama nilivyokuja nalo.

Ulyankulu nilifika mwezi wa sita, karanga zimeshavunwa na watu wana nafasi kidogo. Watu wa kule wengi asili yao Burundi. Walikuja miaka ya sabini wakikimbia, wakapewa pori, wakalifyeka, sasa ni mashamba na makanisa na barabara zenye namba. Wale akina mama nawajua siku nyingi. Jumatano hukaa kwenye banda la parokia, wametandika mikeka, nyasi katikati, ukindu umelowekwa kwenye ndoo. Wakiniona tu wananiita mzee wa shazia.

"Mzee wa shazia," akaniambia Apolinaria, mama mmoja mnene ambaye ulimi wake haujawahi kulala, "umekuja kumwona mwanafunzi wetu? Sogea huku, uone mnara wake."

Ruaa alikuwa amekaa katikati yao, baibui kalipandisha mpaka magotini, vidole vimefungwa plasta viwili. Mbele yake kikapu. Wale mama wanasuka igiseke, kikapu kirefu chenye kifuniko kilichochongoka, na kikisukwa vizuri kinasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Cha Ruaa kilikuwa kimeinama upande wa kushoto.

"Hiki kimetoka kilabuni," akasema Apolinaria.

"Hakijatoka, mama," Ruaa akajibu. "Ndiyo kwanza kinaelekea."

Wakacheka wote, na mimi nikaona kwamba wamempenda. Alikuwa analala kwa mama Godeliva, mjane, mkubwa wao kwa umri na kwa mkono. Godeliva aliletwa nchini akiwa mgongoni. Mama yake alivuka na vitu viwili tu, mtoto mgongoni na igiseke kichwani, na hicho kikapu kipo mpaka leo, kimekuwa cheusi kwa moshi, kinakaa juu ya kabati. Godeliva ni Mkatoliki wa kusali kila alfajiri, lakini tangu Ruaa afike, kuku hachinjwi pale nyumbani mpaka aitwe jirani Shomari, mchinjaji wa Kinyamwezi, aje achinje yeye, ili mtoto wa watu ale bila wasiwasi. Hakuambiwa na mtu. Alifanya tu.

Ruaa naye alikuwa na akili yake ya dukani. Kila kikapu alikigeuza chini juu, akakigonga kwa kidole, akatafuta kasoro. Akagundua jambo. Kule mjini, kwa ndugu zake, kukiwa na harusi zawadi za bibi arusi hupelekwa kwenye masinia na maboksi ya plastiki. Kwa nini zisipelekwe kwenye igiseke? Shangazi yake Fakhria ndiye mpambaji wa harusi hizo. Akawaomba akina mama watano kila mmoja ampe kikapu kimoja akamwonyeshe. Wakampa. Godeliva akapanda kwenye kigoda, akashusha kile cha mama yake.

Tuliondoka siku hiyo hiyo, mimi na Ruaa tumekaa mbele kwenye fuso la mahindi, vikapu vitano miguuni. Gari zima lilinukia karanga. Kumbe wale mama walivitia vitu. Huyu karanga, huyu maharage, huyu unga wa muhogo, Godeliva mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba.

"Mzigo wa nani?" nikauliza.

"Wa mama yangu," akasema Ruaa. "Wamemsalimia."

Sasa sikilizeni yaliyotokea mjini, maana Ruaa mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Mama yake alifurahi, akamimina karanga kwenye beseni, mayai jikoni, unga kwenye pipa. Vikapu vikaenda kwa Fakhria. Fakhria akavipenda sana, akaagiza ishirini kwa harusi ya mwezi wa nane, ila vipungue urefu kidogo vikae juu ya sinia bila kuanguka. Ruaa kwa furaha akakata vikaratasi vitano, akaandika kila kimoja, "Hiki kiwe kifupi kidogo," akavifunga juu ya vifuniko. Yeye mwenyewe alikuwa na siku tatu za kukaa na mwalimu wake mjini, basi ili akina mama wasipoteze muda akampa dereva wa fuso vikapu avitangulize, kila kimoja mlangoni kwa mwenyewe.

Mimi nilikwenda zangu Urambo. Niliporudi Ulyankulu ilikuwa Jumatano ya wiki ya pili yake. Nikafika kwenye banda la parokia, nikamkuta Ruaa peke yake kwenye mkeka, ndoo ya ukindu pembeni, na kile kikapu chake kilichoinama anakimalizia kifuniko.

"Wenzako?"

"Hawaji, babu. Jumatano ya pili hii. Mmoja anachambua tumbaku, mmoja mgongo, mmoja ana mgeni. Mama Apolinaria nimemkuta amekaa tu nje, ananiambia ana kazi."

"Apolinaria hajakutania?"

"Hata neno moja."

Hapo nikajua mambo ni makubwa. Apolinaria asipokutania, bora akupige.

"Na mama Godeliva?"

"Chakula ananipa. Shomari anaitwa kama kawaida. Lakini hanisemeshi. Akisema, anasema Kirundi na ukuta." Akachoma shazia kwenye nyasi, akaivuta. "Mwalimu Asnath anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, babu. Atawauliza kama wananitaka. Nani atajibu?"

Alidhani ni ule urefu, kwamba amewachukiza kwa kutaka vifupi. Akaenda nyumba kwa nyumba kusema virefu navyo vitafaa. Wakamkaribisha, wakamsikiliza, wakamsindikiza mpaka njiani. Akadhani ni bei. Akarudi kusema shangazi yuko tayari kuongeza. Ndiyo wakapoa kabisa. Mimi nilimuuliza Godeliva, kwa vile mimi na yeye tu wazee. Alinitazama, akaenda ndani, akaleta kile kikapu cha mama yake, akakiweka kwenye kigoda baina yetu, akafunua kifuniko. Nikachungulia. Hakuna kitu.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikamwambia sioni kitu.

"Haya," akasema, akakifunika.

Nawaambieni kweli, sikuelewa. Nilikaa na jambo lile siku mbili, nanoa spoku zangu na kujiuliza mama yule alitaka nione nini.

Ijumaa mke wa Shomari alimletea Ruaa bakuli la mchuzi wa maini. Ruaa akala, mimi akanigawia. Akaliosha bakuli, akalifuta, akaenda mpaka kwenye mti wa ndimu wa Godeliva, akaomba ruhusa kwa ishara tu, akachuma ndimu tano, akazitia ndani. Mkono wake ulifanya peke yake, yeye mwenyewe anazungumza na mimi habari nyingine.

"Ndimu za nini?" nikauliza. Nilikuwa nataka kujua tu.

"Bakuli la watu halirudi tupu, babu. Kwetu ukirudisha chombo cha jirani kitupu, mama anakurudisha nacho—"

Bakuli liko mkononi. Akaliweka chini pole pole, akakaa kwenye kizingiti.

"Babu," akasema, "mimi nilivirudisha vitupu. Vyote vitano. Na juu yake nimewaandikia kasoro."

Akampigia mama yake simu pale pale, na kwa vile simu yake inapaza sauti, nilisikia.

"Umerudisha vyombo vya watu vitupu?" mama akauliza. "Karanga zao nimezila mimi, jina linaloharibika ni langu, Ruaa."

"Nilivichukua kama sampuli, mama. Sikuviona kama vyombo."

"Na mimi nilidhani umetia wewe. Ningejua ningejaza mwenyewe." Akavuta pumzi. "Vya baba yako vya dukani, mtu akikataa unarudisha kama vilivyo. Hivyo si vya dukani."

Jioni ile ndipo Shomari alipotueleza kinachosemwa na akina mama, maana yeye kaishi nao miaka mingi. Kwao igiseke kikienda na kitu, lazima kirudi na kitu, hata konzi ya chumvi. Kikirudi kitupu, ndiyo mmeachana. Watu wakipeleka posa wakarudishiwa kikapu kitupu, hawaulizi tena, wanajua binti hawapewi.

"Sasa nifanyeje?" Ruaa akauliza. "Nikawaombe vile vitano nivijaze?"

"Utamwambia mtu nipe tena kile nilichokutupia?" akasema Shomari. "Hapana. Chako kiko wapi?"

Ruaa akakitazama kikapu chake. Kilikuwa kimekwisha, kifuniko kimekaa upogo kama kofia ya mtu aliyetoka kuamka.

"Hiki?"

"Unacho kingine?"

Jumatatu fuso lilileta tende kutoka kwa mama yake. Jumanne Ruaa akashinda jikoni kwa mke wa Shomari anakaanga visheti, simu sikioni, mama anamwelekeza, usizidishe moto, usizidishe sukari. Jumatano asubuhi, siku ambayo kikundi kingekuwa bandani, akakijaza kile kikapu, visheti chini, tende juu, akakifunika. Kisha akazunguka kwa nyuma, akatokea mbele kwa njia ya wageni, akabisha hodi kwenye nyumba anayolala.

Godeliva akatoka. Akakitazama kikapu muda mrefu. Kilikuwa kimeinama hata mikononi.

"Mama yangu anasalimu," Ruaa akasema. "Na mimi nasalimu."

"Weka pale," akasema Godeliva kwa Kiswahili.

Basi. Si zaidi ya hapo. Ruaa akakiweka mezani, akatoka nje, akaja kukaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mikono yake haikuwa na la kufanya.

Sasa zamu ilikuwa yao. Kikapu cha binti kiko kwao, na kitarudi. Kitarudi na nini? Alhamisi kilikuwa bado mezani, hakijafunuliwa. Ijumaa asubuhi hakipo. Ruaa hakuuliza. Mimi niliuliza, nikaambiwa na Godeliva kwamba mtu mzima haulizi chombo kiko wapi.

Jumamosi saa nne mwalimu Asnath akafika na pikipiki, mwanamke mwembamba mwenye begi la makaratasi. Akaingia kwenye banda la parokia. Tulikuwemo mimi na Ruaa na ndoo.

"Kikundi kiko wapi?" akauliza.

Ruaa angeweza kusema wako shambani. Angeweza kusema wanaumwa. "Niliwakosea, mwalimu," akasema. "Nangoja chombo changu. Kikirudi kitupu, tutaondoka wote."

Asnath akamtazama, akafungua begi, akafunga tena, akakaa. Tukakaa. Kengele ya parokia ikapiga saa sita.

Aliyetangulia kuonekana njiani alikuwa Apolinaria, kile kikapu kichwani. Hata kwa mbali ungekijua, maana yeye alikuwa wima na kikapu kimelalia bega lake. Nyuma yake wale wengine, na mwisho Godeliva na fimbo yake. Apolinaria akakishusha, akakiweka miguuni pa Ruaa, akarudi nyuma hatua moja. Juu ya kifuniko kulikuwa na kikaratasi kimefungwa na uzi wa kiroba.

Ruaa hakukifunua. Alikiinua kidogo tu, kama anavyoinua jora la kitambaa kujua uzito wake, na nikaona uso wake ukibadilika. Ndipo akafunua. Karanga zilizokaangwa, na juu ya karanga fungu la ukindu uliokwisha kuchanwa, laini, wa kutosha kikapu kizima. Akasoma kile kikaratasi. Akanipa na mimi nisome, herufi kubwa kubwa za Apolinaria.

"Hiki kiwe wima kidogo."

Wale mama walikuwa wamebana vicheko muda wote. Vikatoka. Apolinaria akakaa chini kabisa, machozi yanamtoka.

"Mama yako anapika vizuri," Godeliva akamwambia Ruaa, "ila sukari imezidi."

"Nimepika mimi, bibi."

"Ndiyo maana," akasema, akakaa kwenye mkeka mahali pake, akanyoosha mkono apewe shazia.

Asnath alikuwa bado na karatasi yake. Akawauliza akina mama kama kijana huyu aendelee, na amejifunza nini, maana kuna nafasi ya kujaza.

"Andika anajua kurudisha vyombo," akasema Apolinaria. "Kusuka, bado."

Vikapu ishirini vilikwisha kabla ya mwezi wa nane, vyote vifupi kidogo. Siku ya kuvipakia kwenye fuso nilikuwepo, na swali langu lilikuwa palepale, nikawauliza. Kikapu cha zawadi kinarudi na kitu, nimeelewa. Je, cha kuuza? Kikishanunuliwa hakirudi, kwa hiyo kiende vipi? Wakabishana kwa Kirundi kwa kitambo. Wengine walisema mali iliyouzwa imeuzwa. Godeliva alisema yeye hajawahi kutoa igiseke kitupu mlangoni kwake na hataanza uzeeni. Mwisho wakatia konzi ya karanga kila kimoja.

Wiki iliyofuata nilipita Tabora dukani kwa Thani. Vikapu vilikuwa vimepangwa kwenye kaunta vikingoja Fakhria aje avichukue, duka zima linanukia.

"Mzee," Thani akaniambia, "wewe unatembea kote, hebu niambie. Vikapu vimeagizwa ishirini, vimekuja ishirini, sawa. Lakini vina karanga. Karanga hakuna aliyeagiza, haziko popote kwenye maagizo. Sasa hapo mtu anafanyaje?"

Nikamwambia mimi sijui, mimi ni mtu wa shazia, amuulize binti yake.

Akakuna ndevu. Nilipofika barabarani nikageuka. Alikuwa ameshusha jora la vitenge, ameshika futi, anapima na kukata, anapima na kukata, kando yake boksi ameliandika Ulyankulu, na dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.